Shule ndogo, hesabu nyingi: kwa nini idadi ya wanafunzi Goma haitulii

Mwulize mkuu wa shule ya msingi kule Ndosho au Mabanga, mitaa ya Goma mashariki mwa Kongo, ana wanafunzi wangapi. Akiwa mtu mkweli, naye atakuuliza: wa mwezi gani, na hesabu ya kumpa nani? Huo si ujanja. Mezani pake kuna daftari la matrikule, ambamo kila mtoto aliyeandikishwa amepewa namba yake ya kudumu. Kila darasa lina daftari la mahudhurio ambalo mwalimu hutia alama kila siku baada ya kuita majina. Kuna fomu ya takwimu inayokwenda wizarani. Kuna orodha iliyopelekwa kwenye idara ya malipo ya walimu, na mara nyingine kuna orodha ya ziada iliyotakiwa na shirika linaloleta madaftari na mikoba. Zote tano zinaizungumzia shule moja, na ni nadra mbili kati yake zikafanana.

Wengi wakiona hivyo husema ni wizi mtupu. Wizi upo, nitaufikia. Lakini hata mahali ambapo hakuna anayeiba hata senti, hesabu hizo zingetofautiana tu, kwa sababu kila moja inajibu swali lake. Nitajaribu kuzitenganisha, ili mzazi wa kamati, mwanahabari au yeyote anayeambiwa "shule ile ina watoto 400" ajue ni kitu gani hasa alichoambiwa.

Shule ya nani, na ndogo kwa kipimo gani

Kwetu Kongo, shule ya umma si lazima iwe imejengwa na serikali wala iongozwe nayo. Mwishoni mwa 1974 utawala wa Mobutu ulizitwaa shule za makanisa. Haikuchukua miaka mitatu, mzigo ukamshinda, na kwa mkataba wa Februari 1977 akazirudisha mikononi mwa Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Waislamu na wengine walifuata. Tangu hapo dhehebu linaongoza shule, serikali inalipa walimu na kupanga masomo. Hizo ndizo tunazoziita conventionnées, na nchini kote ndizo zenye watoto wengi kuliko zile zinazosimamiwa na serikali moja kwa moja. Zote ni za umma.

Matokeo yake ni kwamba mtoto wa Kiislamu wa Birere anayesoma shule ya Kikatoliki yuko shule ya umma, na jirani yake Mprotestanti vilevile. Takwimu ikisema "watoto wa shule za Kikatoliki" haijakwambia dini ya mtoto hata mmoja. Imekwambia ni ofisi gani iliyosaini ripoti. Na ripoti zenyewe hupita njia mbili: uratibu wa kanisa upande mmoja, ofisi ya sous-division, yaani ofisi ya elimu ya serikali ya eneo, upande mwingine. Ukikuta tofauti kati ya hizo mbili, tazama kwanza tarehe kabla hujamshuku mtu.

Sasa huo udogo. Goma ina komini mbili tu, Goma na Karisimbi, na kartie (mitaa) 18, na karibu yote imekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Mnamo Januari 2002 mto wa moto ulikatiza katikati ya mji hadi ziwani, ukimeza nyumba, maduka na shule. Watu walijenga tena juu ya jiwe lilelile jeusi. Kiwanja ni ghali, kuchimba shimo la choo ni kazi ya nyundo, na madarasa mengi ni ya mbao na mabati kwa sababu ndivyo vinavyosimama haraka. Shule ya namna hiyo inaitwa ndogo kwa sababu ina darasa moja kwa kila mwaka, vyumba sita na ofisi. Udogo ni wa kiwanja. Watoto waliomo wanaweza kuwa 200 au 600.

Halafu kuna jambo linalowachanganya hata wanaotoka Kinshasa na kalamu zao: jengo moja huweza kuwa na shule mbili. Asubuhi kuna ya kwanza, mchana kuna ya pili, kila moja na mkuu wake, muhuri wake na namba yake kwenye malipo. Wakati mwingine ya mchana ni sekondari. Anayehesabu majengo atapata shule chache, anayehesabu mihuri atapata nyingi, na anayegawa watoto kwa vyumba bila kuuliza habari ya zamu atatangaza msongamano mara mbili ya uliopo.

Septemba si Februari

Mwaka wa masomo hufunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Wiki hiyo darasa la kwanza linaweza kuwa na watoto wachache tu, na ifikapo mwisho wa Oktoba mwalimu hana pa kuweka mguu. Mama alikuwa bado anatafuta shati jeupe, sketi ya buluu, viatu na madaftari. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 haikuvigusa hivyo. Wengine walikuwa kijijini kwa bibi. Kwa hiyo anayekuja kuhesabu siku ya kwanza anahesabu watoto wa wazazi waliojiandaa mapema, ambao kwa kawaida ndio wenye afadhali kidogo.

Baada ya Krismasi hesabu huanza kushuka, na hapo ndipo daftari la matrikule na lile la mahudhurio yanapoachana. La matrikule halifuti jina la mtu. Mtoto akiingia Septemba akapotea Novemba, namba yake inabaki. Daftari la mahudhurio lina habari nyingine kabisa. Mabomba yakikauka kartie nzima, watoto na bido (madumu) zao za njano wanashika njia ya ziwani, na asubuhi hiyo darasa lina mapengo. Kesho yake maji yakirudi, watoto wanarudi. Mtu akipita siku ya ukame wa maji ataandika kwamba robo ya wanafunzi wameacha shule. Hawakuacha. Walikuwa ziwani, Kituku, wakijaza maji.

Hadi hapo tumezungumzia mambo ya mji wowote maskini. Goma ina lake la ziada: watu wanaoingia na kutoka kwa maelfu. Kuanzia mwishoni mwa 2022 familia za Rutshuru, zikikimbia vita vya waasi wa M23, ziliteremka hadi kambi za Kanyaruchinya. Mwaka 2023 za Masisi zikajaza kambi za Bulengo, Lushagala na Rusayo. Februari 2024 vita vikafika Sake, na barabara ya magharibi ikafurika tena. Shule za karibu zilipokea watoto kwa namna zilivyoweza: zamu ya mchana, darasa chini ya hema, benchi la watatu wakikaa watano.

Mtoto aliyekimbia Kitshanga hakuja na biletini yake, karatasi ya matokeo ya darasa. Mkuu wa shule anafanyaje? Anampa kitabu asome mistari michache, anamtazama kimo, anamwuliza mama, kisha anampangia darasa. Ndivyo kijana wa miaka 12 anavyokaa darasa la tatu kati ya watoto wa miaka 8. Kwenye fomu ya takwimu ataonekana kama mtu aliyechelewa kuanza shule au aliyerudia mara tatu. Pengine hakuchelewa wala hakurudia. Shule yake ndiyo iliyofungwa mara tatu.

Tarehe 27 Januari 2025 M23 iliingia Goma. Shule zilifungwa, na zilipofunguliwa tena Februari, kambi nazo zilikuwa zinavunjwa. Waliokuwamo walirudi walikotoka, wengine wakajibanza kwa ndugu mitaani, wengine wakavuka mpaka. Shule iliyokuwa imefurika Desemba ikajikuta na madawati matupu, na majina yote yangalimo daftarini. Ukiuliza mwezi Machi, mkuu wa shule angeweza kukupa namba mbili, moja karibu mara mbili ya nyingine, na zote mbili zikawa za kweli.

Darasa la kwanza pana, la sita jembamba

Tuchukue shule ya mfano, ya kubuni tu, ili tuone hesabu inavyofanya kazi. Ina madarasa sita. La kwanza lina watoto 104, la pili 82, la tatu 67, la nne 58, la tano 49, la sita 40. Jumla 400.

Anayetazama haraka atasema: waliingia 104, wamefika 40, kwa hiyo 64 wameacha njiani. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi kwenye ripoti na kwenye mikutano. Watoto 40 wa darasa la sita hawakutoka kwenye hawa 104. Walianza miaka mitano nyuma, na huenda walipoanza walikuwa 60. Safu ya madarasa sita ya mwaka mmoja ni picha ya makundi sita tofauti, yaliyoanza katika miaka sita tofauti.

Kwa nini basi chini ni kupana hivyo? Sababu zinapandana. Kongo ina watoto wengi: uchunguzi wa afya wa kitaifa wa 2013 na 2014 ulikuta wastani wa watoto 6.6 kwa kila mwanamke, na karibu nusu ya Wakongomani hawajafika miaka 15. Kila kundi linaloanza shule ni kubwa kuliko lililotangulia, hata asipoacha mtu. Goma yenyewe inakua kuliko nchi kwa sababu ya wanaokuja. Juu ya hayo kuna wanaoduble: aliyerudia darasa la kwanza anahesabiwa humo mara mbili, mwaka jana na mwaka huu, na anaongezwa kwa wapya. Tangu elimu ya bure ianze, wapo pia walioanza wakubwa, wenye miaka 8 au 9, ambao wazazi wao walikuwa hawana pesa. Ukishaondoa hayo yote, ndipo unabaki na walioacha kweli. Wapo, tena wengi, lakini si wale 64.

Njia ya haki ni kulifuata kundi moja. Chukua walioingia darasa la kwanza Septemba 2019, tazama wangapi walikuwa la pili 2020, la tatu 2021, uwatoe waliorudia na waliohamia. Ni kazi ya kuchosha, lakini kwa shule ndogo inawezekana kwa jioni moja na daftari la matrikule, kwa sababu kila mtoto ana namba yake.

Na kundi hilo la 2019 linastahili kufuatwa kuliko mengine. Ndilo la kwanza kuingia bila malipo. Machi 2020, kabla hawajamaliza kujifunza kusoma, shule zilifungwa kwa ajili ya Covid. Mwaka uliofuata ulianza Oktoba badala ya Septemba, ukakatwa tena tarehe 18 Desemba 2020, na watoto hawakurudi hadi 22 Februari 2021. Miezi mitatu baadaye, usiku wa 22 Mei 2021, Nyiragongo ikalipuka. Mto wa moto ulichoma nyumba upande wa Buhene, na tarehe 27 Mei sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuondoka, watu wakakimbilia Sake, Minova, Rutshuru na Rwanda. Oktoba 2021 walimu waligoma wakidai haki zao. Kisha vita. Aliyepita darasa kila mwaka bila kurudia alifika la sita mwaka 2024-2025, na Januari ya mwaka huo tumeshaiona. Ukilinganisha kundi hili na lile la miaka kumi kabla yake ili "kupima elimu ya bure", unapima volkano, ugonjwa, mgomo na vita kwa pamoja, kisha unaliita jumla yake jina moja.

Turudi kwa wale 400, maana kuna hila nyingine kwenye wastani. Watoto 400 kwa madarasa sita ni 67 kwa darasa. Ndiyo namba itakayoandikwa. Lakini hakuna mtoto anayekaa kwenye wastani. Watoto 186, karibu nusu ya shule, wako kwenye vyumba viwili vya chini vyenye 104 na 82. Ukimshika mtoto yeyote mlangoni ukamwuliza darasani mko wangapi, ukafanya hivyo kwa wote 400, wastani wa majibu yao utakuwa 73 na nusu. Shule imejaa zaidi machoni pa watoto kuliko kwenye karatasi. Na wanaobanwa zaidi ni wale wa miaka 6 na 7, ambao ndio kwanza wanashika kalamu, ilhali mwalimu wa darasa la sita anamjua kila mtoto kwa jina la baba yake.

Asilimia inayopita mia

Wizara hupenda kutaja kiwango cha uandikishaji, na mara nyingi Kongo huvuka asilimia 100. Wasomaji hucheka: watoto wanawezaje kuzidi watoto? Wanaweza. Kiwango cha jumla huchukua wanafunzi wote wa shule ya msingi, wa umri wowote, na kuwagawa kwa watoto wa miaka 6 hadi 11 walioko katika eneo. Kwa shule yetu ya kubuni, tuseme eneo lake lina watoto 360 wa umri huo. Wanafunzi ni 400, kwa hiyo asilimia 111. Sasa tuseme kati ya hao 400, ni 280 tu walio na miaka 6 hadi 11, waliobaki wana 12, 13, 14. Kiwango halisi ni 280 kwa 360, asilimia 78. Yaani shule imejaa pomoni na bado mtoto mmoja kati ya watano na kidogo yuko nje. Mambo hayo mawili hayapingani, na nadhani mtu akielewa hili tu ameelewa nusu ya ripoti zote za elimu za nchi yetu.

Ila nimedanganya kidogo niliposema "tuseme eneo lina watoto 360". Nani aliwahesabu? Sensa ya mwisho ya nchi nzima ilifanyika Julai 1984, tukiitwa Zaire, ikakuta watu milioni 30 hivi. Leo makadirio yanapita milioni 100. Kila kiwango cha uandikishaji unachokisoma kuhusu Goma kina juu yake wanafunzi waliohesabiwa vibaya au vizuri, na chini yake wakazi waliokadiriwa kutokana na namba ya miaka arobaini iliyopita. Wakuu wa kartie wana hesabu zao, na kwa shule ndogo hizo zinaweza kusaidia kuliko makadirio ya Kinshasa, mradi familia zilizohamia juzi ziwe zimeandikwa.

Umri nao una shida yake. Kuandikisha mtoto serikalini ni bure ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, lakini watoto wengi hawana cheti. Siku ya kuandikishwa shuleni, umri ni anaoutaja mama. Na mama anajua shule inataka miaka 6. Mtoto wa miaka 5 aliyechangamka anaongezewa mmoja, wa miaka 9 anapunguziwa miwili. Wengine hukumbuka kwa matukio: alizaliwa kabla ya volkano ya pili, alikuwa mgongoni tulipokimbia. Mkuu wa shule anayefahamu kazi yake huandika mwaka, hajali sana tarehe. Ndiyo maana kwenye madaftari mengi kuna watoto waliozaliwa tarehe mosi Januari kuliko inavyowezekana.

Namba na mishahara

Serikali hailipi shule kwa kichwa cha mtoto. Hulipa mwalimu wa darasa linalotambulika, humlipa mkuu wa shule, na hutoa fedha kidogo za uendeshaji. Anayetunza orodha hiyo zamani aliitwa SECOPE, siku hizi DINACOPE. Maana yake darasa la watoto 104 na la watoto 40 vinaleta mshahara mmoja kila kimoja. Mkuu wa shule akitaka kuligawa la kwanza liwe A na B, anahitaji chumba na anahitaji darasa hilo jipya litambuliwe Kinshasa. Chumba anaweza kukipata kwa mbao na mabati. Kutambuliwa kunaweza kuchukua miaka, na kwa miaka hiyo mwalimu wa B anafundisha bila mshahara. Nchini wapo wengi wa namna hiyo. Ndio wanaoitwa NU (nouvelles unités, yaani walimu wapya ambao bado hawajaingia kwenye malipo), na ukitaka kujua kwa nini darasa halijagawanywa, uliza kwanza kama kuna NU aliyechoka kungoja akaondoka.

Hapo zamani tamaa ilivuta upande mwingine. Tangu serikali ya Zaire iliposhindwa kulipa walimu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi ndio waliobeba mishahara kwa ile prime ya kila mwezi, na sehemu ya pesa za kila mtoto ilipanda ngazi: ofisi baada ya ofisi, kila moja na fungu lake. Mtoto aliyeripotiwa alikuwa na pesa ya kupeleka juu. Mtoto asiyeripotiwa, pesa yake ilibaki shuleni. Kwa hiyo namba za zamani zina sababu ya kuwa ndogo kuliko ukweli.

Septemba 2019 Rais Tshisekedi alipoamuru kitekelezwe kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006, kinachosema shule ya msingi ya umma ni bure na ya lazima, upepo ukageuka. Sasa wingi wa watoto ulikuwa hoja ya kuomba madarasa, walimu na vifaa. Juni 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 kwa ajili ya mpango huo, na mwaka huohuo wakaguzi wa fedha wa serikali, IGF, wakakuta shule hewa na walimu hewa kwenye orodha za malipo. Basi mtu akichora mstari unaopanda kwa kasi kuanzia 2019, sehemu ya mpando huo ni watoto wapya, na hao kila mtu aliwaona kwa macho. Sehemu ni watoto waliokuwapo tangu zamani wakifichwa. Na sehemu, pengine, ni watoto wasiokuwapo. Kwa shule moja, daftari la mahudhurio linaweza kuzitenganisha. Kwa nchi nzima ni vigumu.

Ni watoto wa nani

Elimu ya bure ilibadilisha pia aina ya watoto, na hilo halisemwi sana. Madarasa yalipojaa, wazazi wenye uwezo waliwahamisha watoto wao kwenye shule za binafsi, ambazo Goma hazihesabiki. Shule ya umma ya kartie ilipata watoto wengi zaidi na maskini zaidi kwa wakati mmoja. Alama zikishuka baada ya hapo, mtu aangalie kwanza kama wanaofanya mtihani ni watoto walewale wa familia zilezile.

Wasichana na wavulana katika madarasa ya chini hawapishani sana mjini. Ukitaka kuona pengo, nenda darasa la tano na la sita, na usome umri pamoja na jinsia: msichana wa miaka 14 aliye darasa la tano yuko hatarini kuliko mvulana wa umri huohuo, kwa sababu nyumbani kuna wadogo wa kulea na maji ya kuchota. Jumla ya shule nzima itaonyesha usawa na kulificha hilo.

Kwa lugha, wazazi wanaongea Kinande, Kihunde, Mashi, Kihavu, Kinyarwanda, Kirega, na watoto wanacheza kwa Kiswahili. Hiyo ndiyo lugha ya kuanzia masomo mashariki, Kifaransa kikifuata. Mtoto aliyetoka kijijini juzi huenda asiwe na Kiswahili cha Goma wala Kifaransa, na mwalimu atamwandika mzito kabla hajamsikia akiongea. Kuhusu kuhesabu watoto kwa makabila, katika mji huu na miaka hii, maoni yangu ni kwamba daftari la shule liachwe lilivyo.

Imebaki hesabu moja ambayo hakuna daftari linaloishika. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inasema elimu ya msingi ni miaka minane: sita ya shule ya msingi na miwili inayofundishwa sekondari. Elimu ya bure ya 2019 ilianza na ile sita. Kwa hiyo mtoto anafanya mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, anafaulu, na likizo ikiisha anahitajika kulipa. Shule ya msingi imemwandika "amemaliza". Sekondari itamwandika akifika, na asipofika hakuna aliyekuwa akimngojea. Katika takwimu zote mbili hakuna mtoto aliyepotea. Ili kujua ukweli, inabidi mtu achukue orodha ya waliofaulu, apite mwezi Oktoba kuuliza kila mmoja yuko wapi. Kamati ya wazazi ina nafasi nzuri ya kuifanya kazi hiyo kuliko ofisi yoyote, kwa sababu inawajua nyumbani kwao, na katika shule ndogo kama ile ya mfano wetu ni majina 40 tu.